Chapa Iliyokaa Mno Kwenye Dawa

Siku ya kuniaga mliniuliza swali ambalo sikulijibu. Mlikuwa mmeninunulia keki na vitenge viwili, mkanikalisha kiti cha mbele kama bibi harusi, na mmoja wenu akauliza ni kitu gani kiliniogopesha zaidi katika miaka yote ya kutengeneza meno ya bandia. Nikasema ni ukaguzi wa stoo. Mkacheka, tukala keki. Sasa niko nyumbani Nzuguni, asubuhi zangu ni ndefu, na jibu lile la mzaha linanikera. Nimeona niwaandikie jibu la kweli. Vyeo na semina sitavitaja. Vimo kwenye jalada langu, na jalada lile halijawahi kumsaidia mgonjwa kutafuna.

Kwa atakayesoma bila kunijua, mimi ni Dorcas, fundi wa maabara ya meno katika hospitali moja ya hapa Dodoma. Daktari wa meno huchukua chapa, yaani hujaza uji mzito kwenye trei, huubana mdomoni mwa mgonjwa hadi ugande, kisha huutoa. Kinachobaki kwenye trei ni shimo lenye umbo la meno na fizi. Sisi humimina plasta ya jasi ndani ya shimo hilo, tukapata modeli, yaani nakala ya meno na fizi zile, na juu ya modeli tukatengeneza meno. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hatumwoni. Tunamjua kwa shimo lake.

Nilipoanza, maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, chenye meza ya saruji, sinki moja, na dirisha lililotazama upande linakotokea vumbi. Aliyenipokea ni Mzee Ndahani, Mgogo wa Hombolo, mtu mfupi mwenye vidole vinene ambavyo ungedhani ni vya kuchimba visima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniwekea chapa mkononi. Ilikuwa ya aljineti, ule uji wa unga na maji ambao mpaka leo tunautumia zaidi. Bado ilikuwa na joto la mdomo wa mtu, na kwenye ukingo wake ulining'inia uzi wa mate wenye damu.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Meno, mzee."

"Angalia tena."

"Mate."

"Hayo yatatoka. Hapo unaona maji." Akanieleza kwamba aljineti ni maji yaliyogandishwa, karibu yote. Ukiiacha wazi mezani inasinyaa, ukiizamisha majini inavimba, na vyote viwili vinaharibu kipimo. "Na hewa ya Dodoma ina kiu," akasema. "Wenzetu wa pwani wanaweza kwenda kunywa chai. Hapa ukienda msalani ukirudi si chapa ileile."

Akaiosha bombani mpaka maji yakawa yanateleza juu yake bila kukwama, akaikung'uta mara tatu, akamimina plasta kutoka kona moja huku akiigongagonga trei ukingoni mwa meza ili hewa itoke. Yote hayo kwa mikono mitupu, na mikono ile ilikuwa imepasukapasuka, kwa sababu plasta hunyonya mafuta ya ngozi. Nikajifunza hivyohivyo, kwa mikono mitupu. Siku zile glovu zilikuwa za chumba cha upasuaji, na dawa ya klorini ilikuwa ya kudekia sakafu. Hatukuwa mashujaa. Hatukujua tu.

Nilifanya kazi naye miaka mingi, akastaafu, nikarithi meza yake. Jumamosi moja nikapata habari kuwa anaumwa, nikaenda Hombolo kumjulia hali. Nilimkuta amelala kwenye mkeka kibarazani, tumbo limejaa, miguu imekwisha, na macho yake ya njano kama mafuta ya alizeti. Mkewe aliniambia waliyoambiwa hospitali: homa ya ini, ile ya B, iliyokaa mwilini miaka na miaka kimyakimya hadi ikageuka saratani.

"Sijui niliitoa wapi," Mzee akaniambia. "Huenda ni sindano za zamani. Huenda nilizaliwa nayo." Akageuza viganja vyake juu, akavitazama kwa muda. "Huenda ni sinki."

Nikavitazama vyangu.

"Wewe vaa glovu," akasema.

Alizikwa kabla mvua hazijaanza. Hakuna aliyesema ni kazi iliyomuua, na hakuna aliyesema si kazi. Jumatatu nilirudi maabara, nikasimama mbele ya sinki lile ambalo nilikuwa nimeingiza mikono yangu ndani yake tangu usichana, nikashindwa kuusogeza mkono. Nilisimama hapo mpaka mtu akaniuliza kama maji yamekatika.

Wakati huo mambo yalikuwa yameshabadilika. Glovu zilikuwepo, na ukutani palibandikwa karatasi ya utaratibu: osha chapa, iweke kwenye maji ya klorini ya kipimo kilichoelekezwa kwa dakika kumi, isuuze, mimina plasta mara moja. Dakika kumi zilichaguliwa kwa sababu. Zinatosha kuua vijidudu, na ni chache mno kwa aljineti kuvimba. Karatasi haikuandika dakika kumi na kuendelea. Lakini mwenye hofu husoma anachotaka kusoma, na mimi kwa miaka kadhaa nilikuwa naongeza dakika mbili tatu za moyo wangu.

Halafu nikachomwa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Kwenye sinki palikuwa na trei tano za chuma zilizotoka kliniki, zikiwa zimetupwa tu bila majina, jambo ambalo lilikuwa marufuku na lilifanyika kila siku. Moja ilikuwa trei ya zamani ambayo ukingo wake uliwahi kuungwa kwa waya, na ule waya ulikuwa umefumuka. Ulipita kwenye glovu kama haipo na kuingia kwenye dole gumba. Nilivua glovu, nikaona damu yangu ikidondokea juu ya damu ya mtu mwingine. Sikupiga kelele. Nilifanya jambo ambalo hadi leo sijui nililifanyaje: nikavaa glovu nyingine, nikamaliza kuosha zile trei nne, ndipo nikaenda kwa Sista Mwasiti, muuguzi aliyehusika na kuzuia maambukizi.

"Ni ya mgonjwa gani?" akaniuliza, kalamu mkononi.

"Sijui."

"Dada Dorcas. Hujui?"

"Zilikuwa tano. Hazikuwa na majina."

Aliandika polepole. Nikatolewa damu, nikapewa vidonge vya kinga dhidi ya VVU vya siku ishirini na nane, nikachomwa chanjo ya homa ya ini ambayo nilipaswa kuchomwa siku ya kwanza ya ajira lakini sisi mafundi tulikuwa hatujaingizwa kwenye orodha. Akaniambia damu itapimwa tena baada ya wiki sita, halafu miezi mitatu, halafu miezi sita.

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo usiogope," akasema. Aliyasema kwa upole, na mkononi alikuwa amevaa glovu mbilimbili.

Vidonge vile vilinitapisha, lakini kutapika si kitu. Kitu ni namna nilivyoanza kuwatazama watu wa nyumbani kwangu. Nilinunua kikombe chekundu, kikawa changu peke yangu. Nikaficha wembe wangu wa kucha. Nilijua kabisa kwamba magonjwa niliyokuwa nayaogopa hayaambukizwi kwa kikombe; hayo ningeweza kumfundisha mtu mwingine darasani. Kujua hakukunisaidia hata kidogo. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na haharakishi jambo, alinivumilia wiki mbili, kisha Jumapili moja tukitoka kanisani akauliza mezani:

"Mama Neema, hiki kikombe chekundu ni cha nani?"

"Ni changu."

"Tangu lini nyumba hii ina vikombe vya watu?"

Nikamweleza yote. Akakivuta kile kikombe, akanywa chai iliyobaki ndani yake mpaka mwisho, akakirudisha mezani. Nilimkasirikia kwa kitendo kile kuliko nilivyowahi kumkasirikia kwa jambo lolote, nikaingia ndani kulia.

Huku kazini hofu yangu ilionekana kama bidii. Nilitafuta ndoo yenye mfuniko, nikaongeza klorini hadi macho yakawasha, na kila chapa iliyoingia niliizamisha humo. Nusu saa. Saa nzima. Wakati mwingine niliisahau makusudi mpaka baada ya chakula cha mchana. Hakuna aliyenikataza. Nani atamkataza mtu kuwa msafi? Baada ya wiki chache malalamiko yakaanza kuja kutoka kliniki: meno ya bwana mmoja wa wizara kule Mtumba yanacheza kama sahani juu ya kokoto, ya bibi mmoja yanambana, ya mwingine hayaingii kabisa. Nikasema mkono wa daktari ulitikisika. Nikasema plasta ya safari hii ni mbovu. Sisi mafundi tuna visingizio vingi, na kwa kuwa mgonjwa hatumwoni usoni, visingizio hivyo huishi muda mrefu.

Ndipo akaja Maalim Ramadhani.

Alikuwa mwalimu wa madrasa kutoka Kondoa, mtu wa makamo ya kuelekea uzeeni, mrefu, kanzu yake imepigwa pasi hata baada ya safari ya basi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji Dar es Salaam kuondoa uvimbe wa saratani, na pamoja na uvimbe ikaondoka nusu ya kaakaa lake, ile dari ya mdomo. Palibaki tundu lililofungua mdomo kwenye pua. Akinywa maji yalitokea puani. Akisema, sauti ilikimbilia puani pia, ikatoka kama upepo kwenye bomba, na aliyeweza kumwelewa ni binti yake Hadija peke yake, aliyesafiri naye kila mahali na kurudia maneno yake. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusoma Kurani kwa sauti na kuwasikiliza watoto wakisoma, sasa alikuwa anazungumza kupitia kwa mkalimani nyumbani kwake mwenyewe.

Alichohitaji ni kaakaa la bandia, bamba la plastiki lenye meno kwa chini na nundu kwa juu inayoziba lile tundu. Likikaa sawasawa, mtu anakula na kusema. Lisipokaa sawasawa, ni kitu kigumu kinachokwaruza kidonda. Tatizo lilikuwa mionzi aliyopigwa baada ya upasuaji. Ilikausha misuli ya taya, mdomo ukawa unafunguka upana wa vidole viwili tu, na kila mwezi ulizidi kufunga.

Daktari Kimaro, kijana wa Kilimanjaro aliyekuwa na mikono mizuri kuliko daktari yeyote niliyefanya naye kazi, ndiye aliyechukua chapa. Kwa kawaida chapa huletwa na mhudumu. Hii aliileta mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili, jasho limemlowa kifuani.

"Mama, hii ni moja tu," akaniambia. "Nimeiingiza kwa shida na nimeitoa kwa shida zaidi. Sidhani kama trei itapita tena mdomoni mwake."

"Nimekusikia, daktari."

Niliitazama. Ilikuwa chapa nzuri ya aljineti, kila mkunjo wa lile tundu umetoka. Ilikuwa pia na damu nyingi. Niliiosha, nikaiweka kwenye ndoo, nikafunga mfuniko, nikatazama saa. Wakati huohuo simu ikaita. Alikuwa Sista Mwasiti, akisema majibu yangu ya miezi mitatu yametoka, nikayafuate.

Ningeweza kusema dakika kumi, naja. Niliondoka hapohapo. Kule maabara ya damu nikakuta foleni, nikakaa kwenye benchi nikitazama mlango, na kila aliyetoka nilimtazama uso kana kwamba majibu yangu yameandikwa kwake. Nilipoitwa nikaambiwa hakuna kitu kilichoonekana, turudie miezi sita. Nilitoka nje nikakaa kivulini kando ya ukuta, saa nimeisahau. Niliporudi maabara, chapa ya Maalim ilikuwa imekaa kwenye klorini karibu saa mbili.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayowaandikia. Niliona. Nilipoitoa, kingo zake zilikuwa zimelegea na kuteleza, na upande mmoja ulikuwa umeinuka kidogo kutoka kwenye trei. Miaka yote niliyosimama kando ya Mzee Ndahani ilikuwa inaniambia chapa hii imekunywa maji. Nikamimina plasta. Modeli ilipotoka, uso wake ulikuwa na ungaunga mweupe mahali ambapo palipaswa kuwa laini. Nikaufuta kwa brashi. Nikatengeneza kaakaa juu yake kwa siku nne, kwa uangalifu mkubwa, nikalisugua mpaka likang'aa.

Siku ya kulijaribu, Daktari Kimaro aliniita kliniki, jambo lililokuwa nadra. Nilimwamkia Maalim, akaitikia kwa kichwa. Daktari akalipandisha kaakaa. Lilifika nusu, likagoma. Akalitoa, akasugua upande mmoja, akalirudisha, akasukuma kidogo. Maalim hakutoa sauti, ila mkono wake ulikaza kwenye kiti na damu ikaonekana kwenye fizi. Ngozi iliyopigwa mionzi ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Walimpa maji anywe hivyohivyo, na maji yakatokea puani, yakadondokea kwenye kanzu.

"Labda mdomo umebadilika tangu siku ile," Daktari akasema, akinitazama. "Mionzi hufanya hivyo."

Alinifungulia mlango, masikini, bila kujua. Nami nikapita.

"Inawezekana," nikasema.

Maalim akasema kitu, sauti ile ya bomba. Hadija akatugeukia. "Baba anasema asanteni, msijilaumu."

Wakaondoka kwenda stendi. Nikarudi maabara nikafunga mlango, na kwa mara ya kwanza katika miezi ile sikuwa naogopa damu yangu. Nilikuwa naogopa kwamba mtu yule atakufa kwa njaa mbele ya sahani, kwamba sababu ni mimi, na kwamba hakuna mtu duniani atakayejua.

Kesho yake nilikwenda karakana ya hospitali kwa Fundi Mahona, anayetengeneza vitanda na viti vya magurudumu, nikamwomba anichongee kipande cha chuma chenye vijiti viwili vilivyosimama, na bamba lenye matundu mawili linaloingia kwenye vijiti hivyo bila kucheza.

"Ni cha nini?" akauliza.

"Cha kunisema," nikamjibu. Akadhani namtania.

Nikachukua chapa tano za kile chuma kwa aljineti. Moja nikaimwagia plasta bila dawa. Ya pili nikaiweka kwenye klorini dakika kumi kwa kipimo cha karatasi, si kipimo changu. Ya tatu nusu saa, ya nne saa moja, ya tano saa mbili. Plasta zilipokauka nikaweka lile bamba juu ya kila modeli. Kwenye ya kwanza lilikaa. Kwenye ya pili lilikaa, nikajaribu kupenyeza kipande cha karatasi chini yake, hakikupita. Kwenye ya tatu lilikaa kwa kubembelezwa. Kwenye ya nne lilicheza, karatasi ikapita. Kwenye ya tano halikuingia kabisa, na uso wa plasta ulichubuka kwa ukucha, unga mweupe uleule. Nikazipanga dirishani kwa mfuatano wake, nikaenda kumwita Daktari Kimaro.

Alizitazama kwa muda mrefu. Si mtu wa kupaza sauti.

"Ya Maalim ilikaa muda gani?"

"Kama hii ya mwisho."

"Ulijua siku ile? Niliposema labda ni mionzi?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nikamwonyesha dole gumba, ambapo kovu lilikuwa limebaki kama punje ya mtama. Nikamweleza habari za trei, na Mzee Ndahani, na ndoo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno ambayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya haki. "Hayo ya kuchomwa nayaelewa. Ungeniambia hayo, tungelia pamoja. Lakini mimi nilimsukumia yule mzee kitu ambacho wewe ulijua hakiingii."

Alitaka kumpigia Hadija simu. Nikamwomba aniache niende mwenyewe.

Nilipanda basi la asubuhi la Kondoa. Nilikuwa nimejiandalia maneno, na kila kijiji tulichopita yalikuwa yanapungua, mpaka nikashuka bila hata moja. Hadija alinipokea, akanikaribisha ukumbini. Kutoka chumba cha jirani zilisikika sauti za watoto wakisoma, wakiongozwa na mwalimu mwingine. Maalim alikuwa ameketi akizisikiliza, amekonda kuliko nilivyomwacha, kanzu imemzidi. Nilimweleza kila kitu, kwa mpangilio wa saa, kama mtu anayetoa ushahidi. Nilipomaliza aliomba daftari na kalamu, akaandika, akanisogezea mimi, si binti yake.

Alikuwa ameandika: Siku ile sikusema msijilaumu. Nilisema fundi anajua kitu, muulizeni.

Nilimtazama Hadija. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Niliogopa mtatukasirikia," akasema, "halafu msimsaidie tena."

Tukakaa hapo watu watatu, kila mmoja na hofu yake, watoto wanasoma upande wa pili wa ukuta. Hatimaye Maalim akachukua tena daftari: Tufanye nini sasa?

Nilikuwa nimekuja na jibu hilo, Daktari alikuwa amenipa. Vijiti bapa vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi. Avipange kati ya meno yaliyobaki, vingi kadiri atakavyoweza kuvumilia, mara kadhaa kwa siku, na kila siku chache aongeze kimoja, ili taya ifunguke kidogo kidogo. Aliupokea mfuko wa vijiti kama anayepokea adhabu. Hadija aliniambia baadaye kwamba kwa wiki nzima ya kwanza machozi yalikuwa yanamtoka, na kwamba alikuwa anafanya zoezi lile saa ambazo watoto wanasoma, ili sauti zao zifunike yake.

Huku Dodoma Daktari alipata silikoni ya kuchukulia chapa. Hiyo haina maji ndani yake, kwa hiyo haisinyai kwa hewa yetu wala haivimbi kirahisi kwenye dawa. Trei tuliikata katikati, iingie nusu nusu na kuunganishwa mdomoni. Mimi ndiye niliyeikata. Katika wiki hizo hizo majibu yangu ya miezi sita yakatoka, safi. Nilikunja karatasi nikaiweka kwenye pochi. Nilikuwa nimengoja hofu itoke siku hiyo kama jino linavyotoka. Haikutoka. Ilikuwa imehama tu, iko kwenye kiti cha Daktari Kimaro ikimngoja Maalim.

Siku alipokuja, Daktari aliniambia nisimame upande wa pili wa kiti. Vijiti vilikuwa vimempa Maalim nafasi ya kidole kimoja zaidi. Nusu ya kwanza iliingia. Nusu ya pili ilikwaruza meno, ikaingia. Silikoni huchelewa kuganda kuliko aljineti, na kwa dakika zile zote alikuwa anapumua kwa tundu moja la pua, macho ameyakodoa kwenye taa. Ghafla mkono wake ukaanza kupiga mkono wa kiti, haraka haraka. Hadija akasimama.

"Nikitoa sasa imeharibika," Daktari akasema kwa sauti ya chini.

Nikaushika mkono wa Maalim. "Hesabu nami," nikamwambia. "Mpaka sitini. Tukifika, inatoka." Nikahesabu kwa sauti, yeye akihesabu kwa kidole kwenye kiganja changu. Tulipofika sitini nilimdanganya, nikaanza upya. Alinitazama kwa jicho baya sana, na akaendelea kuhesabu.

Ilitoka nzima. Niliibeba mwenyewe hadi maabara, nikaiosha, nikaiweka kwenye klorini ya kipimo, nikasimama mbele yake nikitazama saa ya ukutani. Ilikuwa na damu. Dakika ya tano mwili wangu wote ulitaka kuiacha humo. Dakika ya kumi nikaitoa.

Kaakaa jipya lilikaa mara ya kwanza. Lilitoa sauti ndogo lilipofika mahali pake, sauti ambayo kila fundi anaijua. Daktari alimpa Maalim maji. Sote tukatazama pua yake. Hakuna kilichotoka. Akanywa tena, akaweka bilauri chini, akasafisha koo.

"Fundi," akaniambia, kila herufi mahali pake, "ulihesabu mara mbili."

Tangu siku ile hakuna trei iliyoingia maabara yetu bila jina, na hiyo ndiyo sababu saa ile mnayoilalamikia kwa kelele zake iko juu ya sinki. Modeli tano bado ziko dirishani. Nimewasikia mkiwaambia wanafunzi kwamba ni za mapambo.

Maalim aliishi na kaakaa lake miaka kadhaa, akarudi kwenye madrasa yake. Kisha saratani ikarudi mahali pengine, ambapo hakuna fundi wa kupatengenezea kitu. Miezi michache kabla sijastaafu, Hadija alikuja maabara peke yake. Tulisalimiana. Akatoa kitambaa cheupe kwenye mkoba, akakifungua mezani; ndani mlikuwa na kaakaa la baba yake.

"Waliomwosha baba kabla ya mazishi walinipa," akasema. "Nimefikiri huenda kuna mgonjwa mwingine litamfaa."

"Haliwezi kumfaa mtu mwingine, mwanangu. Lilipimwa kwake."

"Basi nilifanyeje?"

Nilinyoosha mkono nikalichukua, na lilipokuwa tayari kiganjani ndipo nikaona kwamba sikuvaa glovu. Niliangalia mkono wangu. Nilingoja ile hofu ije, na ilikuja, haikuchelewa. Sikuliweka chini. Tulikwenda wote wawili hadi kwenye sinki, nikaliosha, nikachanganya dawa kwa kipimo, nikalizamisha, na Hadija akavuta kiti kando yangu. Tukakaa dakika kumi, tukilitazama.